Baiskeli Migongoni mwa Karagwe na Kyerwa

Kwenye ramani, kona ya kaskazini-magharibi ya Tanzania humpotosha mtu mapema. Milima imesongamana, maziwa madogo yametapakaa katikati yake, na upande wa pili wa mpaka ziko volkano za Virunga ambazo Rwanda, Kongo na Uganda zinagawana. Mwendesha baiskeli wa masafa akishaunganisha hayo matatu huamua kwamba Karagwe na Kyerwa ni nchi ya volkano, na kwamba kila doa la buluu ni ziwa la kreta analoweza kulizunguka kwa nusu siku. Akipanga safari kwa dhana hiyo, miguu itamwishia kabla ya kuuona uzuri uliompeleka.

Milima hii haikutokana na volkano. Msingi wake ni mchanga na tope vilivyotuama chini ya maji zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, vikagandamizwa, vikakunjwa, vikageuka kuwa miamba ya kwatzaiti na shisti. Baadaye graniti ilipenya kutoka chini na kuleta bati, ambalo wachimbaji wadogo wa Kyerwa wanalifukua hadi leo. Wanajiolojia huuita ukanda wote Karagwe-Ankole, maana mto Kagera haukuukata. Unaendelea Uganda na kugusa Rwanda na Burundi. Kwatzaiti ni ngumu, kwa hiyo imebaki juu kama migongo mirefu. Shisti ni laini, imemomonyoka na kuacha mabonde. Migongo hiyo kwa sehemu kubwa imelala kusini kwenda kaskazini, mmoja sambamba na mwenzake, kama matuta ya shamba la viazi.

Maziwa nayo yana asili yake. Ziwa la kreta huzaliwa pale mlipuko unapochimba shimo na maji ya mvua na ya ardhini yakalijaza: ni la mviringo, kuta zake ni za wima, mara nyingi halina mto unaoingia wala unaotoka. Anayeyataka hayo avuke kwenda Kasenda karibu na Fort Portal, au Bunyaruguru, huko Uganda. Akitaka kubaki Tanzania aende Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye Ngosi na Masoko, au Empakaai ya Ngorongoro. Maziwa ya Karagwe ni mabonde yaliyofurika. Nchi ya magharibi ilipoinuliwa na nguvu zilezile zilizopasua Bonde la Ufa, mito iliyokuwa ikielekea magharibi ilipoteza mteremko wake; mingine ikageuka, mingine ikasimama na kutuama. Ndiyo maana Burigi ni refu na jembamba, Rwakajunju limejibanza bondeni, na pembeni mwa Kagera kuna mlolongo wa maziwa ya kina kifupi yaliyozingirwa na mafunjo. Nguvu hizo hazijalala. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera bila volkano yoyote kuhusika.

Nimekaa kwenye jiolojia kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayopanga safari. Katika nchi ya kreta unapanda mara moja hadi ukingoni, kisha unazunguka huku ziwa likiwa chini yako. Katika nchi ya migongo kuna machaguo mawili tu. Ukifuata mgongo, unapanda asubuhi na kubaki juu karibu siku nzima, unapishana na watu, maduka na migomba, mabonde yakiwa kushoto na kulia. Ukiikata migongo kutoka mashariki kwenda magharibi, unashuka mita mia mbili au tatu hadi kwenye tope la bondeni, unavuka daraja la magogo, unapanda kiasi kilekile, na ukifika juu unauona mgongo mwingine ukikungoja. Kilomita 30 za aina ya pili huchosha kuliko 60 za aina ya kwanza. Njia nzuri ya baiskeli Karagwe na Kyerwa ni ile inayokwenda na nchi ilivyolala na kukata bonde pale tu penye sababu. Nadhani karibu kila kosa la kupanga safari huku linatokana na kutolijua hilo.

Waliotangulia walilijua. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilitoka Tabora, ikapita Usui, ikaingia Karagwe kutokea kusini na kuendelea kaskazini hadi kivuko cha Kitangule kwenye Kagera, ndipo ikafuata njia ya Buganda. Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na mji wa kifalme wa Bweranyange. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na kiongozi wa msafara wake Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, alifika kwa Mukama (yaani mfalme) Rumanyika mwezi Novemba 1861 kwa kufuata njia hiyo. Mwenzake James Grant alibaki hapo miezi kadhaa akiuguza kidonda cha mguu, na alipoondoka Aprili 1862 alikuwa akibebwa. Speke ndiye aliyeandika kwamba kutoka vilima vya Karagwe aliona mbali, upande wa magharibi, vilele vyenye umbo la pia. Vilikuwa vilele vya Virunga. Huenda dhana ya volkano ilianzia hapo: volkano zinaonekana kutoka huku, lakini haziko huku. Mvua ikishalisafisha anga, bado inawezekana kuviona vilele hivyo asubuhi na mapema, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kulala mgongoni badala ya bondeni.

Lango la kawaida ni Kyaka, kwenye daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978. Kutoka hapo hadi Bugene ni lami ya kilomita 59. Inaanza kwenye uwanda wa joto wa Kagera, penye malisho mapana na ng'ombe wa pembe ndefu, kisha inapanda hadi juu penye baridi ya Karagwe. Ni kipande kizuri kwa kuzoeza miguu, lakini si kiini cha safari. Malori na mabasi hupita kwa kasi, na anayeanza saa tatu asubuhi atapanda mlima jua likiwa utosini. Alfajiri ndiyo saa yake.

Kiini kinaanzia Omurushaka, njia panda iliyo jirani na Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Barabara inayoelekea kaskazini-magharibi hupita Nkwenda, ikaendelea Isingiro na Kaisho, ikaishia Murongo mpakani, ambako Kikagati ya Uganda iko ng'ambo ya maji. Hapa mtu anaingia Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kama ningeambiwa nichague njia moja tu katika wilaya hizi mbili, ningechagua hii bila kusita. Ina kila kitu ambacho nchi hii inacho: kibanja chenye migomba juu, mibuni chini yake na maharage chini ya mibuni, halafu ghafla rweya, uwanda wa nyasi usiolimwa, wenye upepo na mwanga mwingi, kisha kibanja tena. Mpishano huo wa kivuli na uwazi ndio ladha ya kuendesha baiskeli huku, na hautokani na bahati. Wanyambo, wenyeji wa huku, kama majirani zao Wahaya, wamejenga udongo wa vibanja kwa vizazi vingi kwa samadi na majani, kwenye ardhi ambayo yenyewe haina rutuba ya volkano. Anayesema migomba hii imestawi kwa sababu ya majivu ya volkano anawanyima wakulima sifa yao.

Kati ya Juni na Agosti, wakati wa mavuno, ua wa karibu kila nyumba huwa na kahawa iliyoanikwa juu ya turubai au mkeka. Sehemu kubwa ni robusta inayokaushwa na maganda yake, kisha hupelekwa chama cha msingi. Miezi hiyohiyo ndiyo mizuri kwa baiskeli: barabara ni kavu, usiku una baridi, matope hakuna. Tatizo lake ni vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao huficha milima ya mbali. Januari na Februari mvua hupungua na anga hutulia, ingawa si kila mwaka. Masika ya Machi hadi Mei si ya kuchezea. Udongo wa shisti ukilowa hushika tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na hakuna ujuzi unaosaidia zaidi ya kuteremka na kusubiri. Novemba mvua ni nyingi pia, lakini ndio mwezi wa senene, wale panzi wanaoliwa, na kuna watu watakaovumilia matope kwa ajili ya senene. Siwalaumu.

Kutoka kwenye barabara hiyo ya Omurushaka hadi Murongo, ambayo ni uti wa mgongo wa safari, kuna vipande viwili vinavyostahili jasho la kushuka bondeni na kupanda tena. Cha kwanza ni Bweranyange. Hapo palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, na wahunzi wao walifua ng'ombe wa chuma, mikuki ya shaba na chuma na fuawe za kifalme, vitu ambavyo wageni wa karne ya 19 waliviandika kwa mshangao. Chuma hicho kilitokana na miamba ya milima hiihii. Chini yake kuna ziwa ambalo Speke alilipa jina la Little Windermere kwa kukumbuka kwao Uingereza. Cha pili ni chemchemi ya maji moto ya Mtagata, upande wa Kyerwa, ambayo mpelelezi Henry Morton Stanley aliitembelea mwaka 1876 na kukuta watu wakija kuoga kwa ajili ya tiba. Maji moto haya nayo huwafanya wengi waseme volkano. Lakini maji yanayopenya kwenye nyufa ndefu za miamba hupashwa na joto la ardhini yenyewe, na kurudi juu yakiwa ya moto bila kuhitaji mlima unaolipuka.

Upande wa magharibi na wa kusini mambo hubadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya zamani yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, ambazo ni ndogo, na Burigi-Chato yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Nyati hawasomi vibao, na kiboko akitoka majini jioni hapishi njia. Mgeni asiingie hifadhini na baiskeli kwa kufuata mstari aliouona kwenye simu. Aende ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, alipe, aulize askari. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa kwa baiskeli nchini, maana Kilimanjaro yenyewe ina njia ya Kilema iliyofunguliwa kwa waendesha baiskeli. Ibanda, penye vilima vya nyasi vinavyoshuka hadi mto Kagera, pangeweza kufuata mfano huo kwa safari fupi zenye askari. Barabara ya kusini kupitia Kimisi hadi Kasulo na Rusumo naiona tofauti. Ni ndefu, ina pori tupu kwa kilomita nyingi, na kwa miaka mingi njia za misitu za Kagera zilijulikana kwa utekaji, mabasi yakipita kwa kusindikizwa na polisi. Hali imetulia, lakini nisingempeleka mtu wa peke yake huko bila kuuliza polisi wa Nyaishozi au Benaco asubuhi ya siku hiyo.

Maziwa yanahitaji neno la tahadhari. Kando zake ni mafunjo na tope, si mchanga wa kuogea. Kuna kichocho, kuna viboko, na kuna mbu. Anayetaka kuyaona vizuri ayaone kutoka juu, ambako njia ndiko iliko.

Baiskeli si kitu kigeni huku, na hapo ndipo wageni wengi hukosa darasa la bure. Kabla bodaboda za pikipiki hazijaenea, ndizi za Karagwe zilisafiri kwa baiskeli: mikungu mitatu au minne kwenye karia, fimbo imefungwa kwenye usukani, kijana anasukuma mlimani na kushuka kwa breki za vyuma. Wapo bado, hasa kwenye vijia ambavyo gari haliingii, na madumu ya maji hupanda vilevile kutoka chemchemi za bondeni kwenda nyumba za mgongoni. Ukitaka kujua kama njia inapitika, muulize msukuma ndizi badala ya dereva. Dereva atakwambia ni karibu. Msukuma ndizi atakwambia ni wapi utateremka. Uanze na salamu, na kwa mzee shikamoo, kwa sababu kusimamisha baiskeli na kuuliza njia kabla ya salamu ni utovu wa adabu unaokumbukwa. Ukikaribishwa ukapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu ikakaushwa, ipokee. Ndiyo heshima ya mgeni, na inasaidia mlimani kuliko peremende yoyote.

Mafundi wapo karibu kila sokoni, chini ya mti au kibaraza cha duka, na hodari: pancha, spoku, cheni na beringi vitatengenezwa kwa bei nafuu. Kinachokwamisha ni vipimo. Tairi la inchi 28 la Phoenix linalouzwa kila duka hukaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Tairi la baiskeli nyingi za kisasa za barabarani na za 29 linataka 622. Hayaingiliani. Matairi ya inchi 26 hupatikana kwa urahisi kuliko hayo ya 622. Kwa hiyo anayekuja na baiskeli mpya abebe tairi moja la akiba, tyubu mbili na vipande vya breki. Tairi liwe pana, lisipungue milimita 45, kwa sababu changarawe nyekundu imechanganyika na vipande vya kwatzaiti vyenye ncha. Gia ya chini kabisa iwe nyepesi kuliko anavyodhani anahitaji.

Wilaya za mpakani zina jicho kali kwa wageni, na si bila sababu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu, na kambi zilijengwa Ngara na Karagwe. Ukaguzi wa uhamiaji bado ni jambo la kawaida. Anayelala kijijini ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji kabla ya giza, pasi yake ikiwa mfukoni. Hilo likifanyika mapema, kijiji kizima humlinda.

Kwa nini basi njia hizi hazina watu, wakati ng'ambo baiskeli imekuwa tasnia? Rwanda ilianza na kahawa. Tom Ritchey, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa baiskeli za milimani, aliizuru mwaka 2005, na mradi wake ukaleta baiskeli ndefu za kubebea kahawa. Timu ya taifa ikakua, Adrien Niyonshuti akashiriki Olimpiki ya London mwaka 2012, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Kando ya Ziwa Kivu ikachorwa njia ya Congo Nile yenye kilomita 227, yenye vibao na mahali pa kulala. Karagwe ina kahawa, ina milima, na ina wasukuma ndizi wenye mapafu ya kushangaza. Haina kibao hata kimoja kinachomwambia mgeni kwamba mgongo huu unaendelea na bonde lile ni mtego.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakiko wilayani. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda hutoa viza moja ya utalii kwa dola 100. Tanzania haimo. Mwendesha baiskeli anayetoka Kigali kwenda Mbarara anaweza kuiona Kyerwa ng'ambo ya mto, lakini akivuka atalipa viza ya pili, na ile ya kwanza hufa pale anapotoka kwenye nchi hizo tatu. Mzunguko ambao ungekuwa wa asili kabisa, kutoka hifadhi ya Akagera ya Rwanda kupitia Rusumo, Kayanga na Murongo hadi Ankole ya Uganda, unavunjwa na karatasi. Ni watu wachache watakaolipa zaidi ili kupita mahali ambapo hawajawahi kupasikia.

Rwanda ina funzo jingine, na hili lina haraka zaidi. Lami ilipofika kando ya Kivu, sehemu kubwa ya njia ya baiskeli ikafunikwa, na waendeshaji wakabaki wakitafuta vijia vya pembeni. Lami inakuja Kyerwa pia, na inastahili kuja: mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Isingiro hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya starehe ya mtalii. Lakini mhandisi wa lami hutafuta mteremko mwepesi, naye huiacha mara nyingi barabara ya zamani iliyopita juu kabisa mgongoni. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara za taifa. Vipande vinavyoachwa hubaki mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, yenye bajeti finyu na barabara nyingi za kuhudumia. Vikisahauliwa kwa misimu miwili ya masika, mifereji hupasua katikati na kibanja husogea hadi kwenye njia. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zingeweza sasa hivi kuviorodhesha vipande hivyo kati ya Omurushaka na Murongo, kuviwekea mipaka, na kuvipa vijiji vilivyoko mgongoni kazi ya kusafisha mifereji kwa malipo. Vijiji hivyo vinavihitaji hata pasipo mtalii mmoja, maana ndivyo vinavyoitoa kahawa shambani na kuyapandisha maji kutoka bondeni.